Wimbo wa Mlango Wetu

Nianze na kinu, maana ndicho kilichobaki. Alikichonga baba yangu kwa mti mgumu ambao siku hizi ukiugusa kwa shoka unaitwa ofisi ya kijiji ukajieleze. Mama yangu alikitumia mpaka mabega yakamchoka, akamwachia mke wangu. Mke wangu akakitumia miaka yote tuliyoishi pamoja. Halafu kinu hicho kikaingia kwenye sinema. Kinu chetu cha hapa Vudee, watu wamekiona mpaka Dar es Salaam. Mke wangu hakuingia. Aliyemzuia ni mimi.

Nalisema mapema, maana ndilo linaloniuma, na mengine yote ni kulizunguka tu.

Kwanza ukungu. Mtu wa tambarare, wa Hedaru au wa Same mjini, anauona ukungu kwa mbali umekaa juu ya milima, anasema kuzuri huko. Kwetu ukungu unaingia shambani saa nane mchana, wewe umeshika jembe, na ukiangalia chini unauona mpini ila jembe lenyewe hulioni. Shamba langu la tangawizi liko mteremkoni. Ukikosea hatua unafika bondeni kabla hujakusudia. Kwa hiyo toka enzi za wazee, ukungu ukishuka, mama wa nyumba anasogeza kinu mlangoni, anatwanga na kuimba. Si lazima kinu kiwe na mahindi. Walioko mashambani wanafuata sauti. Na kila nyumba ina wimbo wake, maana kama wote wangeimba mmoja, mtoto angeingia mlango wowote na kula makande ya watu.

Wimbo huo unatoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwana. Binti hafundishwi, kwa sababu ataolewa na kukuta wimbo mwingine huko aendako. Mwanamume ndiyo kabisa. Mwanamume kazi yake ni kuusikia na kurudi nyumbani.

Nakumbuka siku ya kwanza kurudi kwa sauti ya mke wangu. Tulikuwa na miezi miwili ya ndoa. Nilikuwa kule chini nang'oa magugu, ukungu ukanimeza, nikasikia kinu, nikasikia wimbo, nikajua ni mama. Nikapanda. Nafika mlangoni namkuta msichana wangu kashika mchi, na mama kakaa pembeni kwenye kigoda, mikono mapajani. Mama akasema, "Kumbe amekuja. Basi umeujua." Akaingia ndani, na toka siku ile mama yangu hakuimba tena.

Sasa hadithi yenyewe. Milima yote ya Upareni wanaijua, na najua hata wa Ugweno wanayo ya namna yao. Msichana alikwenda kuokota kuni. Ukungu ukamshika mkono, yeye akadhani ni mkono wa bibi yake, akaufuata. Ukampeleka kwenye mji wa watu wa ukungu, watu wasio na visigino, wanaokula mvuke wa vyungu vyetu. Bibi akasimama mlangoni akatwanga na kuimba, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka akafa. Msichana akawa mtu mzima kulekule. Siku moja akapata upenyo, akatoroka. Akapita kila mlango, anasikia vinu, anasikia nyimbo, anasema huu si wetu, huu si wetu. Mwisho akasikia wa kwao. Akaingia. Anayetwanga ni mwanamke asiyemjua, mke wa kaka yake, aliyefundishwa na bibi kabla hajafa. Msichana akauliza, "Makande yameiva?" Yule mwanamke akamjibu, "Yameiva zamani. Tulikuwa tunakungoja wewe." Imekwisha.

Hapa kwangu hiyo hadithi tuliitamba wawili. Mimi nilikuwa na maneno, mke wangu alikuwa na wimbo. Ilitambwa jioni, makande yakiwa jikoni, na makande unayajua, hayana haraka. Nikifika penye wimbo nanyamaza, yeye anaimba, anagonga ukingo wa chungu kwa mwiko badala ya kinu. Watoto wetu wawili, binti na kaka yake, wamekulia hapo. Na haikutambwa mchana hata siku moja. Baba yangu alisema anayetamba hadithi jua likiwa juu, ng'ombe wake watasahau njia ya nyumbani. Mimi ng'ombe sikuwa nao wengi, lakini neno la baba nilikuwa nalo.

Mwaka juzi wakaja watu wa sinema. Magari mawili, vyuma, nyaya, na mwavuli mweupe usiozuia mvua wala jua. Mkubwa wao alikuwa binti mwembamba mwenye suruali ya mifuko mingi. Akanisalimia vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmepotea?"

"Hapana mzee, tumefika. Tumeambiwa hadithi ya msichana wa ukungu wewe na mama ndio mnaoijua vizuri."

Akanieleza kwamba hadithi hiyo imo kwenye kitabu cha watoto, na wakubwa wengine walishaitengenezea vibonzo vya kwenye televisheni. Yeye anataka watu kabisa, wenye nyama na damu, na milima yenyewe. Nikamwambia watu tunao na milima ndiyo hiyo. Akacheka. Tukaelewana, nisiseme uongo. Nilimpenda yule binti.

Ila siku waliyokuja hapakuwa na ukungu hata wa dawa. Jua limewaka, unaona mpaka kule tambarare mkonge wa watu. Wakatoa mashine, wakaitia maji ya chupa, ikaanza kukohoa moshi mweupe. Kuku wangu walikimbilia kwa jirani wakakaa huko siku mbili. Jirani akaja kuuliza, "Mzee, mnapika gongo mchana kweupe?" Tulicheka sana. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Bibi wa kwenye sinema walikuja naye, mwigizaji kutoka mjini, mama mnene mwenye adabu. Mke wangu akampa kanga yake ya kazini aivae, ile ya kahawia iliyochakaa, akamwonyesha jinsi ya kushika mchi. Yule mama akaanza kutwanga. Mke wangu akaninong'oneza kwa Kipare, "Hebu mwone. Anatwanga kama anaua nyoka."

Ikafika zamu ya wimbo. Yule binti wa sinema akasema, "Mzee, tunaomba mama atuimbie ule wimbo. Mwigizaji atafungua mdomo tu, sauti tutaweka ya mama."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi mzee. Hapa pametulia."

Nikamwambia sasa hivi haiwezekani, wasubiri jioni. Akasema jioni hawawezi, dereva wao wa Hedaru ameapa kwamba saa kumi ikimkuta juu huku analala kwenye gari na kazi anaacha. Kweli barabara yetu si ya kuichezea. Nikasema basi hapo tumefika.

Sisi Wapare mnajua tunavyosemwa, kwamba tuko radhi tuuze ng'ombe tuendeshe kesi ya kuku. Wanaotusema hawakosei sana. Mimi nikiona kesi mwili unachangamka. Na majirani walikuwa wameshajaa uani, wamekaa hadi juu ya ukuta wa mawe.

Binti akasema, "Lakini mzee, sisi hatuombi hadithi. Tunaomba sauti tu."

"Wimbo ni mlango wa hadithi," nikamjibu. "Mtu akikutwa kashika mlango wa nyumba ya watu, atasema nyumba sikuigusa, nimegusa mlango tu?"

Majirani wakapiga kelele. Akajaribu tena. "Ukungu ukishuka mama si anaimba mchana? Wewe mwenyewe umesema."

Alikuwa na akili yule. Lakini na mimi sikulala. "Anaimba kwa sababu kuna mtu kapotea. Leo nani kapotea? Huo moshi wenu hata kuku wameukataa."

Hapo uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mzee mmoja akavua kofia. Yule binti akainua mikono, akasema, "Mzee, umenishinda."

Nilishinda. Nakumbuka jinsi kifua kilivyonijaa.

Mke wangu alikuwa amesimama kando ya kinu. Alisogea, akanishika mkono wa shati, akaniambia polepole wageni wasisikie, "Baba watoto, niache niimbe. Mara moja tu."

Nikamwambia, "Utaimba jioni."

"Jioni hawapo."

"Watarudi."

Alikuwa mtu wa kuniheshimu mbele za watu, ya kunisema aliyaweka mpaka tukiwa wawili, na siku ile hata tulipobaki wawili hakunisema. Alikwenda akaokota kikombe kilichokuwa juu ya jiwe karibu na mlango, akamwaga kilichobaki. Ilikuwa maji ya moto ya tangawizi. Nilimwona tangu asubuhi anayanywa, na kilemba kafunga kile cha kwendea kanisani. Niliviona vyote kwa macho yangu. Nilifikiri ana mafua.

Wakaondoka saa tisa. Yule binti aliahidi kurudi baada ya wiki mbili, alale hata kwa mwinjilisti, waje jioni. Nadhani alisema kweli. Lakini mvua zilianza, barabara ikakatika pale kwenye daraja la miti, na lilipotengenezwa wao walishamaliza kazi yao huko kwao.

Na mke wangu akaanza kifua. Mwanzo tulisema ni baridi. Binti yetu anakaa Same mjini, ana cherehani yake karibu na soko, anashona sare za shule. Akaja akamchukua mama yake, akampeleka hospitali, wakamlaza. Nikashuka na mimi. Nililala kwa binti yangu chini ya meza ya cherehani, nimezungukwa na sketi za bluu.

Kifua kilimchukua sauti kwanza. Alikuwa anaongea kama mtu anayepuliza moto. Siku moja, saa sita hivi mchana, wodini kumetulia, joto la Same unalijua, nikawaza ule wimbo. Sijui kwa nini siku ile. Nikamwinamia nikamwambia, "Mama watoto, niimbie kidogo. Hata kwa kunong'ona."

Akafumbua macho. Akaangalia dirishani, akaniangalia mimi. Akasema, "Jua liko juu, baba watoto."

Akacheka, kile kicheko chake cha kukaa chini, ila hakikuwa na sauti, mabega tu yalitikisika. Na mimi nikacheka. Nikasema moyoni, leo umenipata, nitakuja jioni. Jioni nilipokuja alikuwa hanijui. Keshokutwa yake tulimpandisha Vudee ndani ya sanduku.

Msiba ulipoisha nikaanza kutafuta sauti yake. Msomaji atasema siku hizi kila mtu ana simu. Simu yetu ilikuwa ya vibonyezo. Binti yangu ana ya kisasa, ndani yake kuna mama yake anakimbia picha, kajifunika uso na kanga, husikii kitu. Kuna kanda ya kwaya ya usharika, alipokuwa bado kijana. Nimeisikiliza mpaka betri za redio zimekwisha mara tatu. Mle ndani ni wanawake thelathini. Mara nasema yule pale, mara nasema siye. Wimbo wa nyumba haumo, ni nyimbo za kanisa tu. Mwanangu wa kiume yuko Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, mke wake ni mtu wa Iringa, amekuja huku Krismasi mbili. Mama mkwe wake alikuwa anasema atamfundisha Krismasi inayofuata, akishazoea baridi.

Mwaka huu sinema ikatoka. Wakaja kuionyesha Same, ukumbini, kwa watoto wa shule na watu wote. Binti yangu akanipigia, "Baba, shuka. Ni kinu chetu." Nikashuka. Njia nzima nilikuwa na wazo moja, na nilijua ni la kijinga. Niliwaza kwamba pengine siku ile mashine yao ya kunasa sauti ilikuwa imewashwa. Pengine alipokuwa anamwelekeza yule mama mnene aliimba hata kipande na mimi nikiwa nazozana. Niliwaza nitaketi pale gizani na nitamsikia.

Tukakaa. Taa zikazimwa. Watoto wakanyamaza, na hapo nikajua kazi ni nzuri, maana watoto wa Same kunyamaza si jambo dogo. Nikaona milima yangu. Nikaona mlango wangu, mkubwa kuliko ukuta wa kanisa. Halafu akatoka mtu kwa mgongo, kavaa kanga ya kahawia, ile imepauka begani pale mke wangu alipokuwa anabebea kuni. Nikainuka. Sikukusudia. Binti yangu akanivuta, "Baba, kaa." Mtu akageuka. Ni yule mama mnene.

Akaanza kutwanga. Halafu wimbo ukaja. Sauti ya msichana wa mjini, nzuri, ina vinanda nyuma yake. Wimbo wameutunga wenyewe, maneno ya Kiswahili, watoto walishaujua kwenye redio, ukumbi mzima ukaimba. Mimi nikatega sikio chini ya huo wimbo, kama unavyotega kusikia maji chini ya mawe. Hapakuwa na kitu.

Kwenye sinema bibi hafi. Msichana anarudi bado mdogo, bibi anadondosha mchi, wanakumbatiana, watu wakapiga makofi. Mzee mmoja nyuma yangu alisema wameharibu. Ningekuwa na uwezo hata mimi ningemalizia hivyo hivyo.

Mwisho yakapanda maandishi. Mimi kusoma kwangu ni kwa kidole, na yale hayamsubiri mtu. Binti yangu akasoma. Ghafla akanishika goti. "Wamemwandika mama."

"Wamesemaje?"

Taa zikawaka. "Wamemshukuru kwa kinu," akasema.

Tukatoka. Tulitembea mpaka karibu na soko, kisha akasimama njiani, watu wanapita, akasema, "Ulimkataza, baba."

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe. Wodini, kabla sauti haijakatika. Alisema, baba yako siku ile alipendeza, alikuwa anawashinda wote, nikaona nisimharibie." Akafuta uso kwa mkono wa gauni. "Mimi ningemharibia."

"Na mimi sasa ningependa angeniharibia," nikamwambia. Mtu aliyezoea kushinda kesi akikosa jibu, anajiona kama kavuliwa nguo sokoni.

Sikutegemea angekuja Vudee karibuni baada ya hapo. Lakini Jumamosi iliyofuata nikamwona anapanda njia, mfuko wa unga kichwani. Alipika, tukala, hatukuitaja sinema. Saa nane ukungu ukashuka, wa kweli, ukajaa uani mpaka ukuta wa mawe ukapotea. Majirani wakaanza kutwanga, mmoja huku, mmoja kule. Mlango wetu ulikuwa kimya. Ulikuwa kimya tangu msiba, ila mimi peke yangu nilikuwa nafunga dirisha nisisikie.

Binti yangu akasema, "Baba, unakumbuka kiasi gani?"

"Mwanzo tu. Nikiusikia mwanzo nilikuwa naanza kukimbia. Ukikimbia unasikia pumzi zako, husikii wimbo."

"Mimi nakumbuka mwisho," akasema. "Mwanzo nilikuwa sijali, naendelea kucheza. Nakuja kuusikia vizuri nikishafika karibu na mlango."

Akakisogeza kinu. Nikachukua mchi mimi, mwanamume mzima, mbele ya binti yangu, jua likiwa huko juu ya ukungu mahali fulani. Kinu hakikuwa na kitu ndani. Nikatwanga. Nikaimba mwanzo kwa sauti yangu hii ya chura, maneno matano sita, nikafika nilipokuwa naanza kukimbia, nikanyamaza. Nikaendelea kutwanga. Yeye alikuwa ananiangalia mikono. Akaingia na mwisho.

"Umewahi," nikamwambia. "Katikati ni parefu kuliko hapo."

"Parefu kiasi gani?"

Sikujua. Nikaanza tena toka mwanzo, nikanyamaza palepale, nikatwanga, naye akangoja.